Nilimpeleka Mke Wangu Beijing Kumuaga (6)

Matusi yenu ya wiki iliyopita yamenifikia yote. Mama mmoja kaniita fisi. Mwingine kasema mwanamume anayetafuta mke wa pili na wa kwanza bado anapumua, afaa atangulie yeye kaburini. Mama huyo nampa pole, maana mbingu zilimsikia kabla hata hajafungua kinywa.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Qiao Mancang, mpika siki wa Shanxi, miaka sitini na minane. Mwezi wa tisa mimi na mke wangu Cuiping, ninayemwita Mama Jianzhou kwa jina la mwanetu, tulipimwa siku moja kwenye hospitali ya mji. Watu wawili, bahasha mbili, na zote mbili alipewa mwanetu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu anayefichwa ni mgonjwa mwenyewe. Majibu hupewa ndugu zake, nao ndio huamua ajue au asijue. Mara nyingi huamua asijue.

Jianzhou alinivuta nyuma ya mitungi ya siki akaniambia ini la mama yake limekwisha, na kwamba madaktari wanampa hadi sikukuu ya mwaka mpya, si zaidi. "Usimwambie, Baba. Mpeleke Beijing. Miaka arobaini anaitaja Beijing." Akanipa chupa mbili za tembe zilizobanduliwa karatasi za majina. Za kahawia ni za mama, yeye aambiwe ni za tumbo. Za njano ni vitamini zangu mimi, kwa kuwa mama hawezi kumeza dawa kama hana wa kumsindikiza.

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda kwa Pang, mjane muuza tofu, ile jibini ya soya. Nikamwachia kigudulia cha siki yangu ya miaka saba, nikamuuliza kama, siku itakapofika, angekubali kunipikia. Akapokea kigudulia, akasema atafikiri. Hapo ndipo mliponiita fisi.

Sasa tuendelee. Ilikuwa siku yetu ya tatu Beijing, siku ya kwenda Ukuta Mkuu.

Tulikuwa wazee ishirini na wawili ndani ya basi, kila mmoja na kofia nyekundu ili binti Fang, kiongozi wa msafara, asitupoteze. Mimi nimeegemea dirisha, tumbo linapanda na kushuka. Mke wangu anakula yai la tatu na kupiga soga na Bi Ge, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia punda.

"Baba Jianzhou, mbona umejikunyata hivyo?"

"Maji ya Beijing hayapatani nami."

"Maji ya Beijing yanapatana na watu milioni ishirini, yakukatae wewe."

"Mwache," Bi Ge akasema. "Wanaume wa siki wakitoka nje ya mtungi wanachacha."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, na si kwa sababu ya tumbo. Nilikuwa naogopa kicheko chenyewe.

Kwetu kuna kitu tunachokiita mwanga wa mwisho. Mgonjwa aliyelala miezi mitatu huamka siku moja akaomba chakula, akatania watu, akafagia chumba. Wageni hufurahi. Wenye kujua huenda kimya kimya kutazama kama nguo za maziko ziko tayari. Baba yangu siku yake ya mwisho alikula bakuli mbili za tambi na kuuliza bei ya mtama.

Basi jana yake, kwenye mkahawa wa bata wa kuchoma, Mama Jianzhou alikula nusu ya bata peke yake. Nilitoka nje nikampigia mwanangu huku nikilia. "Njoo, mama yako anamaliza."

"Anamaliza nini?"

"Bata."

"Baba, mwache ale. Wewe umekula?"

Kila siku ndivyo alivyouliza, wewe umekula, wewe umelala, na kila siku nilimwona mtoto mwema anayemjali baba aliyebeba mzigo. Mjinga hana jina jingine.

Tulipofika chini ya Ukuta, binti Fang alipandisha kibendera chake. "Wazee wangu, ngazi za hapa ni kali. Kila mtu apime nguvu zake. Anayejisikia mchovu abaki nami kwenye kibanda cha chai, hakuna aibu." Alipokuwa akisema alinitazama mimi. Nikadhani ana makengeza.

"Mama Jianzhou, tubaki chini," nikasema. "Tunauona vizuri tu kutoka hapa."

"Miaka arobaini nimeungoja Ukuta, nije nitazame basi?"

"Utachoka."

"Nikichoka nitakaa. Wewe baki."

"Nitabaki vipi na wewe unapanda?"

Nilimfuata. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba akianguka, ataangukia mikononi mwangu. Nilihesabu ngazi sitini na nne. Ya sitini na tano magoti yalikataa, macho yakaingia kiza, nikakaa juu ya jiwe huku jasho linanitiririka mgongoni, na upepo ulikuwa wa baridi.

Yeye alikuwa mbele ngazi kumi. Aligeuka. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuielewa, akashuka mbio hadi nilipo, akanishika shavu.

"Kaa hapa. Usisogee hata hatua moja. Umenisikia?"

"Mimi mzima, nimekosa pumzi tu."

"Nimesema usisogee." Alinikaripia kama mtoto aliyechezea kisu. Halafu akasimama, akautazama Ukuta, akanitazama mimi. "Nakwenda mnara wa kwanza tu. Nitautazama kwa ajili yetu wote wawili."

Akaenda. Bi Ge alimfuata akitweta. "Mkeo huyu mbuzi wa mlimani," akaniambia alipopita. "Ungekuwa na aibu ungepanda."

Niliitazama ile kofia nyekundu ikipanda bila kupumzika. Nikasema moyoni, ndio huo mwanga wa mwisho, leo hii au kesho. Nilitamani nimpigie Pang nimwambie asahau, na wakati huohuo nilitamani kujua kama amekwisha fikiri. Nakiri yote mawili. Mtu hana moyo mmoja.

Binti Fang alikuja kunishusha, kanishika kwapa mpaka kwenye kibanda cha chai. Aliniketisha kwenye benchi, akanimiminia maji ya moto. Nikaona ni wakati wa kumwambia, maana kama jambo litatokea huko juu lazima awe tayari.

"Binti yangu, mke wangu ni mgonjwa sana. Mwenyewe hajui."

Mkono wake ulikuwa ungali unamimina. Maji yalifika ukingoni, yakamwagika mezani, akaendelea kumimina.

"Kikombe kimejaa," nikamwambia.

"Samahani, baba."

"Ulikuwa unajua?"

"Watoto wenu wanajaza fomu za afya," akasema. "Kwa kila aliyevuka sitini na tano lazima mtoto ajaze na kutia sahihi." Hakunitazama.

Kabla sijauliza zaidi, mtu alipiga kelele kutoka kwenye ngazi. Mzee mmoja wa msafara wetu alikuwa ameteguka mguu. Binti Fang alikimbia, na faili lake la plastiki likabaki juu ya benchi, pembeni yangu.

Sikulifungua kwa umbea. Mwanangu ana mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, nikaogopa kwamba ameandika ugonjwa wa mama yake vibaya na daktari wa Beijing akihitajika hatasoma kitu. Nikavaa miwani, nikatafuta majina yetu.

Dong Cuiping, mke, miaka sitini na sita. Afya: mzima. Dawa: hakuna, tembe za kusaga chakula tu.

Nikasema, si mnaona, mtoto amekosea. Nikafungua ukurasa wa pili nimtafutie kosa lake.

Qiao Mancang, mume, miaka sitini na minane. Afya: saratani ya ini, hatua ya mwisho. Dawa: tembe ya njano, moja, mchana, pamoja na chakula. Na chini yake, kwa mwandiko uleule wa kuku, lakini safari hii umeandikwa polepole, kila herufi inasomeka: Mgonjwa mwenyewe hajui. Mkewe anajua. Tafadhali asipandishwe ngazi. Tafadhali asiambiwe.

Nilisoma tena. Nikatazama umri, ni wangu. Nikatazama namba ya kitambulisho, ni yangu. Nikatafuta Qiao Mancang mwingine ndani ya lile faili, kwa maana dunia ina watu wengi, na hakuwepo.

Mnataka kujua mtu anafikiri nini wakati kama huo. Mimi sikufikiri kifo kwanza. Nilimfikiri Pang. Nilimwona yuko dukani kwake anakata tofu, na kigudulia changu kiko juu ya rafu, nikasikia masikio yanawaka moto. Maiti imekwenda kuposa.

Kifo kilikuja baada ya hapo, nacho kilikuja taratibu, kikakaa nami kwenye benchi. Niliogopa.

Kisha nikaanza kuunganisha, tembe za njano zinazoacha uchungu mdomoni mpaka jioni, maji ya Beijing yanayopatana na watu milioni ishirini na kunikataa mimi, wewe umekula, wewe umelala. Wangeniambia ni mimi, ningegoma kumeza hata tembe moja na ningefia kwenye mitungi yangu. Wangeniomba nitembee kwa ajili yangu mwenyewe, nisingetoka nje ya lango, siki ya vuli haina wa kuigeuza. Wananijua. Kwa ajili ya nafsi yangu nisingekwenda popote, ila kwa ajili yake ningekwenda. Kwa hiyo walimfanya yeye mgonjwa.

Binti Fang alirudi akitweta. Aliliona faili limegeuzwa kichwa chini.

"Baba, umelisoma?"

"Sina miwani, binti yangu."

Miwani ilikuwa puani. Aliiona, mimi nilikuwa nimeisahau. Akalichukua faili akalikumbatia kifuani, akakaa upande wa pili wa benchi.

"Mama Jianzhou ana moyo imara," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi ananiuliza basi litasimama wapi, ili wewe usitembee sana."

Nikanyanyua macho kwenye Ukuta. Kofia mbili nyekundu zilikuwa zinashuka. Bi Ge alikuwa anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, lakini Mama Jianzhou alikuwa anateremka kama msichana anayewahi maji kisimani, mkono mmoja unapepea hewani, anacheka na mtu wa nyuma.

Halafu akakitupia macho kibanda cha chai. Akaniona.

Nilimwona akisimama. Nilimwona akishusha mabega, akifupisha hatua, akiuweka mkono ubavuni. Ngazi ishirini za mwisho alizishuka kama kikongwe. Na alishika ubavu wa kushoto. Jana kwenye Kasri la Kifalme ulikuwa wa kulia.

Siku tatu alikuwa ananifanyia hivyo mbele ya macho yangu, na siku tatu nilikuwa namhurumia.

"Umechoka?" nikamuuliza. Sauti yangu niliisikia kutoka mbali.

"Hoi. Huku ubavuni panachoma kidogo. Hewa tu hiyo."

"Ukuta ukoje?"

"Mrefu." Akakaa, akanipangusa jasho kwa mtandio wake. "Ungeupenda. Kuna mahali unaona milima mitano kwa mpigo. Nimeliita jina lako pale juu. Bi Ge kaniambia nimerukwa na akili."

"Amepiga yowe kama anaita mbwa," Bi Ge akasema. "Mancang, Mancang. Wageni wamempiga picha."

Chakula cha mchana kilikuwa kwenye mkahawa wa chini ya mlima, meza za duara, wazee kumi kumi. Walileta tambi. Mama Jianzhou akaonja siki ya mezani, akakunja uso, akaisogeza pembeni.

"Hii wameoshea chupa," akasema.

Akainama kwenye mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akafungua taulo. Kilikuwa kigudulia kidogo cheusi, kimezibwa kwa kitambaa chekundu na kufungwa uzi wa buluu, mafundo mawili na kitanzi. Fundo langu lile. Hakuna mwingine Shanxi nzima anayefunga vile, na mwezi huo nilikuwa nimefunga kigudulia kimoja tu cha miaka saba.

Za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata kumi.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Kwa Pang," akasema, huku akifungua uzi kwa meno. "Alikirudisha jioni ileile. Alikuja amefura, anataka akumwagie kichwani. Nikamwomba sana asikwambie kitu. Nikamwambia, mwache mzee aote ndoto zake."

Alinimiminia mimi kwanza. Harufu ya nyumbani ilipanda puani, nikaona ua wetu na mitungi yote.

"Mama Jianzhou."

"Kula, tambi zinapoa."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Nilivunja bakuli lako lile la maua, nikasema ni paka." Akakoroga tambi zake. "Kisha nikaenda kulala. Na nikalala, Baba Jianzhou. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa sijalala, usiku ule nililala mpaka jogoo akachoka kuwika."

Jana nisingeelewa. Jana ningesema mwanamke huyu hana wivu, au ugonjwa umempanda kichwani. Leo nilielewa neno kwa neno. Mwanamume anayetafuta wa kumpikia mwakani hajui kwamba hana mwakani. Aliposikia nimekwenda kwa mjane, alijua siri yao imesimama, sijahisi kitu. Ufisi wangu ndio uliompa usingizi.

Nilitaka kumwomba radhi, na sikujua nianzie wapi, kwenye Pang, au kwenye miaka arobaini ya kusema tutakwenda Beijing siki ikipungua kazi.

Simu ikaita. Saa sita na nusu, Jianzhou hakosi. Nikaiweka mezani na kufungulia sauti kama kila siku, maana masikio yangu mabovu.

"Baba, mmekula? Mama amemeza dawa?"

"Ndiyo tunataka kumeza," Mama Jianzhou akaitikia. Akatoa zile chupa mbili. Tembe ya kahawia akaiweka mbele yake, ya njano akaiweka mbele yangu, akasukuma kikombe cha maji ya moto. "Wewe kwanza. Bila wewe mimi simezi."

Maneno yaleyale ya siku zote. Siku zote nilikuwa nameza haraka ili kumtia moyo. Niliitazama ile tembe, ndogo kuliko punje ya mtama, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokuwa akiitazama yeye. Alikuwa hapepesi macho.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi kushika ubavu wa kushoto. Alikuwa ameusahau pale, kama mtu anavyosahau kijiko ndani ya sufuria.

Nikauchukua ule mkono. Nikaupitisha mbele ya tumbo lake, nikauweka upande wa kulia, chini ya mbavu.

"Ini liko huku," nikamwambia.

Bi Ge aliacha kutafuna. Mama Jianzhou aliutazama mkono wake pale nilipouweka, akautazama muda mrefu, na damu yote ikamtoka usoni.

"Baba?" Simu ilikuwa bado inaongea. "Mbona kimya? Mama amemeza?"

Alinyoosha mkono mwingine, akaichukua tembe ya njano. Akaiweka ndani ya kiganja changu, akanifunga vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka ngumi ikawa imekamilika.

"Mwambie mwanao amemeza," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, na safari hii haikuwa ya kuigiza.

Nikaisogelea simu. Tembe bado ilikuwa ndani ya ngumi yangu.